Msumeno Uliolala Ndani ya Gogo

Mwanangu Bakari,

Salamu utazipata kwa mdomo wa mama yako. Mimi ni mbaya wa salamu, na koroboi hii ina mafuta kidogo. Kesho asubuhi, kabla hujakaa nyuma ya baiskeli ya mjomba wako Selemani kwenda kulingoja lori Ruangwa, mama yako atakuambia uje uniamkie. Atakuambia useme, "Shikamoo, babu." Utafanya hivyo kwa sababu hujawahi kumbishia, halafu utanikodolea macho, nami nitaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," bila kucheka. Utadhani baba yako amepata wazimu siku hiyo hiyo unayoondoka. Ndiyo maana nakuandikia sasa, uje uisome barua hii ukiwa juu ya lori, likishaanza kushuka kuelekea Lindi.

Mambo ya sabuni, na nguo, na nani wa kumfikia huko Lindi, mama yako ameshakuambia mpaka masikio yamekuuma. Siyarudii. Mimi nina habari ya mwaka jana na habari ya leo mchana, na katikati yake kuna upumbavu wangu mwingi wa ujana. Nisomee polepole.

Nianze na mwaka jana, maana najua ndiyo unayoiogopa ingawa huisemi. Ulikuwa umepata nafasi hii hii ya shule ya ufundi. Tulikusindikiza, ukapanda lori, mama yako akalia kidogo, tukarudi nyumbani. Siku iliyofuata, jua la utosi, mama yako alikuwa anatwanga. Akasikia msumeno unapasua kule porini, kwenye shimo la marehemu mjomba wangu. Mimi nilikuwa nimelala barazani. Aliponiamsha, na mimi nikausikia. Tulikwenda mbio. Tukakukuta umesimama juu ya lile gogo, umeshika mpini wa msumeno, koti lako jipya limejaa vumbi la mbao na viganja vimetoka malengelenge. Ulipotuona ukauliza, "Hapa lori limefika wapi?"

Hukujua uliteremkia wapi, wala ulirudije. Watu tuliwaambia umeshikwa na homa. Na wewe tulikuambia ni homa. Haikuwa homa, Bakari, na nadhani unajua.

Shule imekubali kukushikia nafasi mara hii moja tu. Ukirudi tena, atapewa mwingine, na wewe utabaki hapa Nambilanje unapanda juu ya lile gogo kila jua likifika utosini, mpaka uzeeke. Hilo ndilo nililokuwa napambana nalo leo. Sasa nikueleze lilianzia wapi, kwa sababu lilianzia kwangu.

Mjomba wangu Nalinga humkumbuki vizuri, alikufa ukiwa mdogo. Kwetu unajua mambo yalivyo: baba anazaa, lakini mtoto ni wa mjomba. Kwa hiyo nilipobalehe sikuulizwa nataka kuwa nani. Mjomba alikuwa mpasuaji mbao, akaja akanichukua kwa mama yangu, nikawa mwanafunzi wake. Siku hizi mnapewa barua na fomu. Mimi nilipewa shoka, nikaambiwa twende.

Kupasua mbao kwa mkono ni kazi ya watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo linalopita kimo cha mtu. Fundi anasimama juu ya gogo, mwanafunzi anashuka shimoni, na msumeno mrefu unapita kati yao. Wa juu anauvuta juu, wa chini anauvuta chini. Wa juu ndiye anayeona mstari. Wa chini haoni kitu ila nyayo za fundi na kipande cha mbingu, na akithubutu kuinua uso, vumbi lote linamwingia machoni. Miaka ile yote niliyokaa shimoni, sauti iliyotoka juu ilikuwa hiyo hiyo: "Vuta, usinitazame!"

Mwanzoni nilimchukia. Nilimwona mzee mkali asiyetaka hata kutazamwa. Baadaye mikono ikazoea, nikaanza kumsikia kupitia ule msumeno. Akichoka nilijua. Akiwa amelala na njaa nilijua. Kuna siku alifiwa na mkewe, akaja kazini bila kumwambia mtu, na mimi kule chini nikaanza kulia sijui kwa nini. Mambo hayo sijawahi kuyapata kwa fundi mwingine yeyote, na huko uendako sikuahidi utayapata.

Kile kidole kidogo cha mguu wangu wa kushoto, ambacho siku zote nimekuambia kililiwa na nyoka, nilikikata mwenyewe kwa shoka la mjomba. Wasichana walikuwa wanapita na mitungi, nikataka waone ninavyochanja kuni. Basi. Nakueleza kwa sababu kidole hicho kina kazi yake mbele ya safari hii.

Wapasuaji walikuwa na miiko yao. Mkubwa ulikuwa huu: msumeno usilale ndani ya gogo. Jioni unatolewa, unapakwa mafuta, unapelekwa nyumbani. Ukilala ndani ya gogo, utavutwa. Utavutwa na nani, hawakusema, na mwanafunzi hakuuliza. Na mwiko wa pili ni kwamba mwenye msumeno akifa nao umo ndani ya gogo, hakuna ruhusa ya kuutoa mpaka jina lake lipate wa kulirithi. Ukitolewa kabla, huo ni wizi, na anayeibiwa ni maiti.

Halafu zikaja karanga, yale mashamba makubwa ya Wazungu. Wewe umeikuta Nachingwea ikiwa mji, hujui ilivyokuwa. Tulilala ikiwa pori, tukaamka kuna mahema, matrekta, mabati na filimbi ya kuingilia kazini. Kila kijana alikuwa anakimbilia huko kufundishwa: huyu udereva, yule umakanika, mwingine useremala wa mashine. Walirudi na viatu. Mimi nikitoka shimoni nimejaa vumbi puani na masikioni, nikiwatazama, miguu inawasha.

Nikamwendea mjomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini hakugomba. Akaniambia, "Nenda. Mtu hakatazwi riziki yake. Ila kabla hujaondoka, nitafutie wa chini. Gogo la mkongo limeshalala juu ya shimo na mimi siwezi kulipasua peke yangu."

Nikamjibu, "Haya, mjomba, kesho."

Hiyo kesho haijafika mpaka leo. Niliondoka alfajiri na kifurushi changu, nikapita nyuma ya nyumba yake ili asinione. Alikuwa ameshaamka, namsikia anakohoa ndani. Kila nikisikia mzee anakohoa alfajiri huwa nasimama, nawe umeniona nikisimama ukaniuliza nina nini.

Nachingwea nilipokelewa kwenye karakana ya mbao. Msimamizi, Mzungu mmoja mwenye masharubu, akauliza kupitia kwa karani kama najua kupima futi na inchi. Nikasema, "Ndiyo, bwana." Wallahi sikujua. Nilikuwa nazijua shubiri na dhiraa za mjomba tu. Nikapewa fremu za madirisha ya nyumba nzima, nikazipiga msumari kwa fahari kubwa, zikapelekwa. Zikawa ndogo. Zilipitishwa kwenye ukuta zikaangukia ndani. Karakana nzima ilicheka mpaka watu wakakaa chini, nikaitwa Bwana Inchi muda wote niliokaa pale. Kumbe kupima kwenyewe ni jambo la kufundishwa kabla chai haijapoa. Huko uendako, mwanangu, kama hujui sema hujui siku ile ile ya kwanza, wakati kila mtu hajui. Ukishapita mwezi unakuwa uongo, na uongo ukishaupiga msumari ni kazi kuubomoa.

Nilijifunza, lakini. Sikatai. Nilijifunza kuunga mbao bila msumari, nikajifunza kunoa randa mpaka inyoe nywele za mkono. Nilikuwa na furaha kubwa, ndiyo ukweli, na sikutaka kufikiria habari za Nambilanje hata kidogo.

Kisha mabega yakaanza kuniuma. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kupigilia misumari, kazi ya mkono mmoja. Lakini mapumziko ya mchana nikisinzia, naamka mabega yote mawili yamekaza na nywele zina vumbi la mbao nyekundu. Karakana ile tulikuwa tunafanyia kazi mbao nyeupe. Mwenzangu aliyekuwa akilala karibu nami akaniambia, "Hamisi, wewe ukisinzia unavuta."

"Navuta nini?"

"Sijui. Unavuta tu, kwa mikono yote miwili, kuelekea chini. Tena umeinamisha uso."

Nikamwambia ni njaa. Tukacheka, tukarudi kazini.

Habari ya msiba ikanifikia wiki hiyo. Nilipofika nyumbani, shangazi yako Somoe ndiye aliyenisimulia. Walikuwa wakisikia msumeno mchana, siku baada ya siku, wakafurahi: mzee amepata mtu wa chini. Somoe akapika ugali wa watu wawili, akapeleka. Akamkuta mjomba amesimama juu ya gogo, ameegemea mpini wa msumeno, amekufa na hakuanguka. Gogo la mkongo lilikuwa limepasuka hadi katikati, mstari umenyooka. Shimoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na vumbi jekundu, bichi, na ndani ya vumbi nyayo nyingi za mtu aliyesimama mahali pamoja anavuta. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Somoe aliniuliza, "Ulikuwa wapi juzi mchana?"

"Nachingwea."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, dada. Kipande changu cha kazi kimepigwa muhuri, kitazame."

Hakutazama kipande. Alitazama mguu wangu, akaingia ndani kupanga mikeka ya matanga.

Ikaja arobaini. Ilikuwa siku ya kulirithi jina. Wapwa wanaume tulikuwa wachache, na mimi ndiye niliyekaa naye shimoni, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Somoe akatandika mkeka, akaleta kofia ya mjomba na unga kwenye kikombe. "Hamisi, keti," akasema. Mimi nimevaa viatu, Bakari. Nilikuja kwenye arobaini ya mjomba wangu nimevaa viatu vya Nachingwea vyenye kelele, na nikabaki nimesimama navyo. Nikasema mbele ya watu, "Mimi jina langu limeshaandikwa kwenye kipande. Siwezi kuwa na majina mawili."

Mzee mmoja akasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Nikamjibu kwamba mtumwa ni aliyezaliwa shimoni akafia shimoni. Watu waliinamisha vichwa. Nilikula pilau yao, nikapanda lori, nikarudi kwenye karanga zangu.

Wewe utadhani kilikuwa kiburi. Kiburi kilikuwepo, tena kingi. Lakini chini yake kulikuwa na woga. Zile nyayo zilikuwa zangu, nami sikutaka kukaa juu ya mkeka ule nikaulizwa.

Karanga zenyewe unajua zilivyoishia. Mitambo ikaondoka, tukaambiwa ahsanteni, nikarudi nyumbani na sanduku la randa na patasi. Huo useremala ndio uliokulisha, na sina majuto nao. Ila msumeno wa mjomba ulikuwa bado umo ndani ya gogo, kutu imeushika, na hakuna aliyeweza kuusogeza hata unywele. Vijana walijaribu kwa mzaha. Ulikuwa kama umepigiliwa. Na bado, adhuhuri nyingine watu wakipita porini walikuwa wakisikia kitu, wanageuza njia bila kuulizana.

Jina lisilo na mwenyewe halikai hewani. Linatafuta.

Ulikuwa bado hujaingia jandoni. Siku hiyo nilikuwa naranda mlango wa maalimu pale uani, ukaja ukapanda juu ya benchi langu. Ukanitazama kutoka juu. Ukasema, "Vuta, usinitazame."

Sauti ilikuwa yako, ya mtoto mwenye mapengo. Nilikuzaba kibao mpaka ukaanguka. Ukalia, ukaniuliza, "Baba, nimesema nini?" Kibao hicho nakijutia kuliko vyote nilivyowahi kumpiga mtu, maana hukuwa umesema kitu.

Kisha ukaenda kwa shangazi yako Somoe, ukapanda juu ya kinu, ukachomoa tupa ya mjomba kutoka kwenye makuti ya jikoni, mahali ambapo hakuna mtu aliyejua ipo. Kisha ukaanza kukohoa alfajiri. Mama yako alikuwa akinitazama gizani, mimi najifanya nimelala.

Mjomba wako Selemani ndiye aliyesema wazi. Alikuja hapa, hakukubali hata maji. "Shemeji," akasema, "mtoto huyu ni wa kwetu, wa ukoo wa dada yangu. Mahoka wenu, hiyo mizimu ya ukoo wenu, wanamtakia nini? Marehemu ana wapwa, wako hai, wanakula, wananenepa. Mpeni jina lake mwenyewe, mwanetu aachwe." Alikuwa na haki kabisa. Jina la Nalinga halina njia ya kufika kwako. Wewe si ukoo wetu. Lilikufuata wewe kwa sababu lilinitafuta mimi likanikuta nimefunga mlango.

Utauliza kwa nini sikuufungua siku ile ile. Nitakuambia, na hapa usinicheke. Anayerithi jina anakaa mahali pa marehemu. Dada yake anamwita mjomba. Mtoto wake anamwita babu. Na neno hilo "baba", Bakari, unavyolitamka wewe ukirudi kutoka kisimani, unaliita kwa nguvu kabla hujafika uani, mimi nilikuwa sijashiba. Kila mwaka nilisema, acha akue kidogo. Ukakua, nikasema acha amalize shule. Ukamaliza. Nikasema, akienda mbali jina halitamfuata. Mwaka jana tumeona.

Kuna kitu sikukuambia cha siku ile. Nilipokuwa nakuteremsha kwenye gogo nilichungulia shimoni. Vumbi lilikuwa bichi. Nyayo zilikuwepo, vidole vitano kulia, vinne kushoto. Nami mama yako aliniamsha kutoka usingizini, na mabega yalikuwa yakiniuma. Niliteremka nikazifuta kwa tawi kabla mama yako hajaziona. Aliziona. Amekaa nazo mwaka mzima bila kunitolea neno, na bado anadai mimi ndiye mwenye subira katika nyumba hii.

Kwa hiyo juzi tulipokutuma Kiegei kumuaga bibi yako, haikuwa kwa ajili ya bibi tu. Tulitaka uwe mbali.

Leo jua lilipofika utosini tulikwenda shimoni: Somoe, Selemani, mama yako na mimi. Sikuvaa viatu. Pale porini palikuwa kimya, hata nyenze hawakulia. Somoe akatandika mkeka kando ya gogo, akanipaka unga kwenye paji la uso, akanivisha kofia. Ilikuwa bado na joto, mwanangu. Imekaa kwenye sanduku miaka yote hii na bado ilikuwa na joto la kichwa cha mtu. Maalimu akisikia habari ya unga atanuna, lakini yeye mwenyewe jina analotumia ni la kaka wa mama yake, kwa hiyo atanuna kidogo.

Somoe akasimama akaita, "Nalinga!"

Mbele yangu nilikuwa nakuona wewe unatoka kisimani.

Akaita tena, "Nalinga!" Na kule chini, shimoni, kitu kikavuta pumzi. Sote tulisikia. Selemani alishika mkono wa dada yake.

Nikaitika, "Naam."

Kisha nikapanda juu ya gogo. Maisha yangu yote sikuwahi kusimama pale; pale palikuwa pake. Nikashika mpini nikitegemea kutu, na msumeno ukaja. Ulikuja mwepesi, kwa sababu huko chini kulikuwa na mtu anasukuma. Ninaijua ile mikono, Bakari. Ina haraka, ina hasira, inawaza viatu. Nikavuta juu, ikavuta chini. Tukapasua. Sijui tulipasua muda gani. Mama yako anasema kivuli kilihama. Mara moja nilihisi mwenzangu wa chini anataka kuinua uso, nami nikasema, kabla sijafikiri, "Vuta, usinitazame." Nikaelewa basi kwa nini mjomba alikuwa akisema vile. Kule juu machozi yalikuwa yananitoka, na fundi hataki kuonwa na mwanafunzi wake akilia.

Gogo likapasuka hadi mwisho. Mbao mbili zikalala huku na huku. Nikautoa msumeno, Somoe akaupokea kwa kanga, akaupaka mafuta. Niliposhuka nikachungulia, hapakuwa na mtu. Nyayo zilikuwa zimepanda kwenye vidato vya shimo mpaka juu ya ukingo, zikaja juu ya mchanga, zikaishia hapo hapo nilipokuwa nimesimama. Hazikurudi.

Njiani Somoe akapiga goti akaniambia, "Shikamoo, mjomba." Huyu Somoe aliyekuwa akinicharaza fimbo kwa kuiba mihogo! Nikamwitikia marahaba, na sauti iliyotoka ilikuwa na kikohozi. Mama yako, kwa ukorofi wake, akauliza kama na yeye sasa ameolewa na kikongwe. Tulicheka sote mpaka tukafika nyumbani. Kisha akaingia jikoni, nikamsikia analia.

Umerudi jioni hii umechoka, umekula, umelala. Nimekuja kukutazama. Hukukohoa.

Lipo jambo moja zaidi, na ndilo linalonifanya niandike haraka. Mjomba Nalinga hakujua kusoma wala kuandika. Tangu mchana herufi zinaanza kunikimbia. Neno la "Ruangwa" hapo juu nimelifikiria mpaka nikatoka jasho. Nikiandika mstari, nikiutazama tena, naona vichuguu tu. Kwa hiyo usingoje barua nyingine ya mkono wangu. Zako utamwandikia mama yako, mwalimu atatusomea, nami nitakaa kando nikiuliza mara mbili mbili kama wazee wanavyouliza.

Usihuzunike. Baba na mwana kwetu wanaogopana. Babu na mjukuu wanataniana. Ukija likizo utanivua kofia, utaniita mzee kibogoyo, utanidai mke, nami nitakutukana unavyostahili. Mambo hayo tusingeyaweza jana. Huenda nikawa babu mzuri kuliko nilivyokuwa baba.

Huko ukiwa kwenye benchi lako, adhuhuri, mabega yakikuuma, chunguza umefanya kazi gani. Kama ni kazi yako, pumzika. Na ukisikia mtu anaita "Nalinga" nyuma yako, njiani, au kwenye kelele za mashine, au usingizini, usiitike. Hata sauti ikiwa yangu. Atakayeitika yuko Nambilanje, ameketi barazani, na jina hilo limemtosha.

Mbao mbili za mkongo nimeziegemeza nyuma ya nyumba. Zinakauka. Ukirudi fundi utazikuta, utatengeneza unachotaka, mimi sitakuambia kitu.

Koroboi inazimika. Wakati mkono huu bado ni wa Hamisi, acha uandike neno hilo mara moja zaidi, nawe ulitunze kwa niaba yangu, kwa sababu kuanzia asubuhi sitakuwa na ruhusa ya kulitumia: mwanangu. Mwanangu Bakari. Mwanangu.

Lori likiondoka nitakuwa nimesimama pale. Usigeuke. Vuta, usinitazame.

Nalinga